Baba alitaka diski kubwa, binti akataka ya haraka

Jina la binti lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda kusoma chuo kikuu Dodoma, nyumba nzima pale Tabata ilishangilia. Kisha baba akachukua daftari na kalamu. Akaandika nauli, godoro, ndoo, pasi, sehemu ya ada ambayo mkopo usingeifikia, na mwisho kabisa akaandika laptopu. Mbele ya neno hilo aliweka Sh550,000, akalitazama, akashusha pumzi.

Ilikuwa mwaka 2021. Baba ni fundi wa magari Gerezani, kazi aliyoianza akiwa kijana wa kushika spana. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Binti ni mtoto wao wa kwanza, na hiyo ingekuwa kompyuta ya kwanza familia kuinunua kwa fedha yake. Ile iliyokuwapo nyumbani waliipewa na mjomba baada ya ofisi yake kuitupa, na mpaka iwake, chai ilikuwa imeshachemka.

Jumamosi wakaenda Kariakoo wote watatu. Muuzaji akawawekea mezani laptopu mbili zilizotumika, zinazofanana kama mapacha: kampuni moja, kioo cha inchi 14, bei moja. Tofauti ilikuwa kwenye kijikaratasi kilichobandikwa juu. Ya kwanza iliandikwa diski gigabaiti 500. Ya pili iliandikwa SSD gigabaiti 256.

Baba hakuhitaji maelezo. "Mia tano na mia mbili hamsini na sita, ipi kubwa?"

"Baba, ile ya SSD inafungua haraka," binti alisema. "Waliotutangulia chuo wote wanasema tuchukue ya SSD."

"Haraka unakwenda wapi? Pesa ni ile ile, halafu tuache debe zima tubebe nusu debe?"

Muuzaji alijaribu kusaidia. Akaeleza kwamba SSD haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo haina kelele, haili sana chaji na haiogopi kutikiswa. Maelezo hayo yalimharibia kabisa. Baba, ambaye maisha yake yote yamepita kwenye vitu vinavyozunguka, alimtazama kama mtu anayeuziwa gari lisilo na injini.

"Kitu kisichozunguka kinafanyaje kazi, kijana?"

Binti akamtazama mama. Mama akatazama laptopu. Fedha ilikuwa ya baba, na jasho lililoitafuta lilikuwa la baba. Wakaondoka na gigabaiti 500.

Kulikuwa na jambo ambalo baba hakulisema dukani. Mama yake mzazi alifariki mwaka 2019 huko Lushoto. Katika simu yake alibaki na picha zake zaidi ya 60: bibi akiwa shambani kwenye kabichi, bibi amekaa barazani, bibi siku ya harusi ya mdogo wao wa mwisho. Pia alikuwa na sauti ya dakika 11, aliyoirekodi mwaka mmoja kabla ya msiba. Humo bibi anataja majina ya ukoo kuanzia babu wa babu yake, nani alioa wapi, nani alizikwa chini ya mti gani, na nani hawakuelewana kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Simu ile ilikuwa imejaa. Kila siku ilimwandikia kwamba nafasi imekwisha. Kwa hiyo baba alipoona 500, aliona chumba kikubwa cha kumhifadhi mama yake. Jioni ile ile alimwomba binti ahamishie kila kitu kwenye laptopu. Ilipothibitika kwamba vyote vimefika na vinafunguka, akavifuta kwenye simu. Simu ikawa nyepesi, na yeye akalala ameridhika.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo. Laptopu ilifanya kazi, ila kwa kujivuta. Mwalimu akiingia darasani, wenzake binti walifunua mashine zao na kuanza kuandika, naye akawa bado anatazama kiduara kinazunguka kwenye kioo. Dakika mbili zikipita ndipo apate pa kuanzia, na akifungua faili kubwa anangoja tena. Alipopiga simu nyumbani kulalamika, baba alimjibu kwamba hata magari ya zamani huwashwa asubuhi na mapema ndipo yaende safari.

Mwaka 2022 binti alikuwa mwaka wa pili. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo kwa vitendo na alikuwa akimalizia ripoti yake. Usiku mmoja hosteli, laptopu ilikuwa inawaka juu ya kitanda cha juu, waya wa chaji umening'inia. Mwenzake akapita gizani, mguu ukanasa waya.

Haikupasuka kioo. Kona moja tu ilichubuka. Lakini alipoiinua, alisikia sauti kutoka ndani: tak, tak, tak. Kioo kikawa cheusi, kikatokea maandishi meupe kwamba hakuna diski iliyoonekana. Akaizima na kuiwasha. Tak, tak, tak. Akaizima tena, akaiwasha tena, mara saba au nane, kama ambavyo mtu yeyote angefanya akiwa na ripoti ya wiki nane humo ndani na siku tano za kuiwasilisha.

Saa tano usiku simu ya baba ikaita. Binti alieleza akilia. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Na vitu vya bibi?"

Upande wa pili ukawa kimya.

Usiku ule baba hakulala vizuri. Alizunguka sebuleni akisema watoto wa siku hizi hawajui kutunza vitu, kwamba laptopu haiwekwi kitandani, kwamba angejua asingempa. Mama alimwacha aseme. Alipomaliza, alimuuliza taratibu, kwa sauti ya mwalimu anayemrudisha mwanafunzi kwenye swali:

"Baba watoto, na aliyefuta kwenye simu ni nani?"

Baba akakaa chini.

Wiki iliyofuata binti alishuka Dar es Salaam na basi, laptopu ameipakata kama mgonjwa. Walimpata fundi wa kompyuta Kinondoni, kijana ambaye mama alikuwa akimsikia kwa walimu wenzake. Alimsalimia baba shikamoo, akaweka sikio kwenye laptopu, akaiwasha kwa sekunde mbili na kuizima hapo hapo.

"Mzee, wewe ni fundi magari. Injini ikianza kugonga, unamwambia mteja aendelee kuendesha?"

"Azime pale pale. Akiendelea anamaliza kila kitu."

"Basi na hii ni hivyo hivyo. Sauti hii ni ya kugonga. Kila ukiwasha unaongeza maumivu."

Binti aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemwuliza aliwasha mara ngapi.

Fundi akatoa kwenye droo diski nyingine mbovu, aliyokuwa ameifungua zamani kwa ajili ya kuonyesha watu. Ndani kulikuwa na kisahani kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia, na juu yake mkono mwembamba wenye ncha ndogo sana. Akaeleza kwamba maandishi, picha na sauti huandikwa kwenye kisahani hicho kwa sumaku. Katika laptopu nyingi kisahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine 7,200. Ule mkono hauligusi sahani. Unaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, mdogo hata kuliko unene wa alama ya kidole.

Baba aliipokea ile diski, akaigeuza kwenye mwanga. Kwa mara ya kwanza katika habari hizi zote, alikuwa anazungumziwa kwa lugha yake.

"Mizunguko 5,400," alisema. "Kwenye gari hapo umekanyaga mafuta mpaka chini."

"Na mkono umepita juu yake kwa unywele usioonekana, mzee. Halafu ikadondoka ikiwa inazunguka."

Baba hakusema kitu. Alikuwa ameshaona picha yote.

Fundi akaeleza pia kwa nini mashine ile ilikuwa nzito tangu mwanzo. Kompyuta inapowaka hutafuta maelfu ya vipande vidogo vya programu vilivyotawanyika kwenye sahani. Kila kipande, ule mkono lazima usogee na sahani izunguke mpaka kipande kifike chini ya ncha. Kusogea kwa mara moja ni sehemu ndogo sana ya sekunde, ila ukizidisha mara maelfu, ndizo zile dakika mbili za binti darasani. Kwa faili moja kubwa lililopangwa mfululizo, kama filamu, diski ya kuzunguka ya laptopu husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde, na hapo haina ubaya. Taabu yake ni vitu vidogo vingi.

SSD imejengwa tofauti. Ndani yake ni vipande vya kumbukumbu visivyosogea, ndugu wa vile vilivyomo kwenye simu, fleshi na kadi ya kamera. Hakuna mkono wa kusogea, hivyo kipande cha mwanzo na cha mwisho hufikiwa kwa haraka ile ile. SSD ya kawaida, ile ya umbo la diski ya laptopu, husoma megabaiti zaidi ya 500 kwa sekunde. Zipo nyembamba ndefu kama kipande cha bazoka, na zile za aina iitwayo NVMe hupita megabaiti 2,000.

"Haya mambo ya kisahani si ya jana, mzee," fundi aliongeza. "IBM waliitoa ya kwanza mwaka 1956. Ilikuwa na visahani 50, uzito unafika tani, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu yako ya leo ingeweza kuijaza. Hii nyingine isiyozunguka imetokana na kazi ya Mjapani, Fujio Masuoka wa Toshiba, miaka ya 1980. Kwa hiyo zote ni za watu wazima. Ila kila moja ina kazi yake."

Ikabaki habari ya kuokoa vilivyomo. Hapo fundi hakutaka kuwadanganya. Alisema angeweza kuifungua diski pale pale mezani wakaiona, lakini vumbi la chumba lile lingeingia na kumaliza kilichobaki. Kazi hiyo hufanyika kwenye chumba kilichochujwa vumbi, na mara nyingi huhitajika diski nyingine ya toleo lile lile ili kutoa mkono mzima na kuupandikiza. Alipiga simu kwa mtu anayezipeleka nje diski za namna hiyo. Bei iliyotajwa ilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya laptopu, na bila ahadi kwamba kitapatikana kitu.

Mama alihesabu kichwani. Ilikuwa kodi ya binti ya hosteli na chakula cha muhula, na bado mdogo wake alikuwa kidato cha nne. Alimtazama mumewe, akamwachia aseme mwenyewe.

"Itoe," baba alisema. "Nipe niondoke nayo. Siku nikipata, nitaipeleka."

Fundi akaichomoa, akaifunga kwenye mfuko wake wa plastiki na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Ripoti ya binti iliokoka nusu. Sura ya kwanza na ya pili alikuwa amezituma kwa mwalimu wake kwa barua pepe, na zilikuwa bado humo. Sura ya tatu aliiandika upya kwa usiku nne, akitumia daftari lake la mafunzo. Alipewa siku tatu za nyongeza, akaziomba kwa aibu.

Vitu vya bibi vilikuwa kazi nyingine. Mama ndiye aliyekumbuka kwamba siku za msiba baba alikuwa ametuma sauti na picha chache kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wengi walikuwa wamebadili simu au kufuta. Shangazi wa Korogwe, ambaye watoto humcheka kwa kushikilia simu moja mpaka inafungwa kwa mpira, alikuwa hajafuta chochote. Akatuma alichokuwa nacho: picha tisa, zikiwa zimepunguzwa ubora kama zinavyopunguzwa zinapotumwa kwa njia hiyo, na kipande cha sauti cha dakika tatu.

Dakika tatu kati ya 11. Bibi anaanza na babu wa babu yake, anashuka mpaka kwa baba yake mzazi, anakohoa, anasema, "Sasa wale wa upande wa pili..." na sauti inakatika. Upande wa pili uko kwenye diski iliyomo kwenye mfuko wa plastiki.

Baba aliisikiliza mara mbili sebuleni. Kisha akamwita binti, akamwambia maneno ambayo kwa baba wa namna yake si mepesi. "Siku ile Kariakoo ulinieleza na mimi sikusikiliza. Na usiku ule nilikulaumu peke yako. Mambo hayo mawili yaishe."

Binti alijibu, "Yameisha, baba. Na mimi sikupaswa kuiweka kitandani."

Jumamosi wakarudi kwa fundi kutafuta diski mpya. Kwa kuwa laptopu ile ilitumia diski ya inchi 2.5, SSD ya umbo hilo ingeingia mahali pale pale, na plagi ni zile zile. Hakukuwa na haja ya kununua mashine nyingine. SSD ya gigabaiti 256 na kazi ya kuweka Windows viligharimu Sh90,000. Fundi alifungua bisibisi chache, akachomeka, akaweka programu. Saa mbili baadaye alimpa baba aiwashe mwenyewe.

Baba alianza kuhesabu kwa sauti kama anavyofanya akijaribu stata ya gari. Alipofika 18, kioo kilikuwa tayari kimefunguka. Mashine ni ile ile, ya mwaka ule ule, na kona yake iliyochubuka.

"Kumbe!" alisema. Kisha, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyeongoka karibuni, akageuka upande wa pili kabisa. "Basi kuanzia leo nyumbani kwangu ni SSD tu. Hizo za kuzunguka sitaki hata kuzisikia. Vitu vyote humu."

Binti alitabasamu. Fundi hakutabasamu.

"Hapana, mzee. Ukifanya hivyo utarudi hapa tena ukilia, na safari hiyo nitakuwa sina hata la kukuambia."

Akawaeleza kwamba SSD nayo hufa. Vile vipande vyake huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, ingawa kwa matumizi ya mwanafunzi huchukua miaka mingi. Lakini inaweza kufa pia kwa hitilafu ya kipande kinachoiongoza, au umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Tofauti ni kwamba diski ya kuzunguka mara nyingi hutoa taarifa kabla: inapiga kelele, inakwama, inazidi kuwa nzito. SSD inaweza kuwa nzima jioni na asubuhi isionekane kabisa.

Kuna la pili. Ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye diski ya kuzunguka, fundi akiwahi anaweza kulirudisha, kwa sababu maandishi huwa bado yapo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye SSD, kompyuta huiambia diski kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo huisafisha yenyewe kimya kimya ili iwe tayari kuandikwa upya. Baada ya hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Na la tatu, SSD si kitu cha kujaza picha na kukifungia kabatini miaka kadhaa bila umeme. Vipande vyake hushika kumbukumbu kwa chaji ndogo za umeme, na chaji hizo zikikaa muda mrefu sana bila kuamshwa zinaweza kufifia, hasa mahali pa joto.

"Kwa hiyo mzee hukukosea kabisa," fundi alisema. "Kwa fedha ile ile, diski ya kuzunguka inakupa nafasi kubwa zaidi. Ni ghala zuri. Ila ghala huliweki kwenye mkoba likapanda basi kila siku. Na binti hakukosea: kwa kazi ya kila siku, SSD ndiyo. Mlichokosea wote wawili ni kimoja. Vitu vya bibi vilikuwa mahali pamoja, mkavihamishia mahali pamoja. Hata mngenunua ya SSD siku ile, ingeweza kuibiwa kwenye basi na mngekuwa mmekaa hapo hapo mlipokaa."

Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akatoa daftari kwenye pochi. Akamwomba fundi aseme polepole aandike.

Kanuni ambayo mafundi huitumia ni ya nakala tatu: ya kwanza kwenye kifaa unachotumia, ya pili kwenye kifaa cha aina nyingine, na moja kati ya nakala hizo ikae nje ya nyumba, ili wizi, moto au mafuriko visizikute zote pamoja. Kwa familia ile ilitafsiriwa hivi. SSD ndani ya laptopu, ya kufanyia kazi. Diski ya nje ya kuzunguka ya terabaiti 1, inayokaa kabatini nyumbani na haisafiri. Mara moja kwa mwezi inachomekwa, vitu vipya vinanakiliwa, inachomolewa kwa utaratibu na kurudishwa. Na vile ambavyo haviwezi kununuliwa tena, yaani picha za wazee, vyeti na ripoti, vinapandishwa pia intaneti. Akaunti ya kawaida ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na sauti na picha za bibi zisingejaza hata moja.

Mama aliandika na maswali ya dukani, maana mwaka uliofuata mdogo wake binti naye angehitaji mashine. Ndani kuna diski ya aina gani, si ukubwa wake tu? Inaweza kubadilishwa? Ni ya inchi 2.5 au ni ile nyembamba? Kama ni nyembamba, ni ya NVMe au SATA, maana zinafanana kwa macho lakini si kila laptopu hupokea zote mbili. Na kama mashine imetumika, muuzaji akubali kuwasha programu inayoonyesha afya ya diski na saa ilizokwisha kufanya kazi. Akikataa, kuna duka jingine.

"Na mama, ukikutana na fleshi au SSD ya terabaiti 2 inauzwa bei ya chipsi kuku, ipite," fundi alimalizia. "Huwa zimechezewa zionyeshe namba kubwa. Utaweka picha, utaziona majina, siku ya kufungua hazipo."

Baba alicheka kidogo. Namba kubwa ilikuwa imeshamfundisha.

Diski ya nje waliinunua miezi miwili baadaye, baba alipopata kazi ya kushusha injini ya lori. Mama aliishonea kifuko cha kitenge, ikawekwa kabatini juu ya mashuka. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, mdogo wake binti huitoa, hunakili, huirudisha. Shangazi wa Korogwe naye alipelekewa fleshi yenye picha zote zilizopatikana, akaambiwa yeye ndiye ile nakala ya nje ya nyumba. Alijibu kwamba amekuwa nakala ya nje ya nyumba tangu alipoolewa.

Jambo jingine baba alilifanya bila kushauriwa na fundi yeyote. Likizo iliyofuata alimchukua binti wakaenda Lushoto. Walikaa siku tatu kwa wazee waliobaki, simu ikiwa mezani inarekodi, wakiuliza habari za wale wa upande wa pili. Walipata majina mengi. Mengine wazee walibishana, mengine walisema, "Hilo alikuwa analijua mama yenu." Kila jioni, kabla ya kula, binti alinakili sauti za siku hiyo kwenye laptopu na kuzituma kwa mama Dar es Salaam, na hakuna aliyefuta chochote kwenye simu.

Binti amekwisha kuhitimu sasa, na laptopu ile ya kona iliyochubuka anaitumia mdogo wake. Pale Gerezani, mteja akimwambia baba kwamba anatafuta kompyuta ya mtoto, huacha spana kwanza. Humwambia anunue yenye SSD hata kama namba ni ndogo, kisha humwuliza swali ambalo wengi hawana jibu lake: picha za wazazi wako ziko sehemu ngapi?

Ile diski iliyogonga bado ipo. Iko kwenye droo ya kabati la chumbani, ndani ya mfuko wake wa plastiki, pamoja na hati ya kiwanja. Baba hajapata bado fedha ya kuipeleka. Hajaitupa.